Sikio Kabla ya Ulimi: Ushauri Nasaha katika Hadithi Nne za Tumbo Lisiloshiba

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi ushauri nasaha kwa wanafunzi unavyosawiriwa katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapishwa mwaka wa 2016. Kwa miaka kadhaa diwani hii ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya mtihani wa KCSE, kisha ikaipisha Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine. Huenda mwalimu mwenzangu akauliza: ya nini kurudia kitabu kilichokwisha kutoka katika orodha? Jibu ni kwamba kitabu kinapokuwa teule, sote tunakisoma kwa jicho la mtahini. Kinapotoka, ndipo tunapopata nafasi ya kukisoma kwa jicho la mlezi, na kujiuliza tulikifunzaje.

Hadithi nne zitaangaliwa: "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro, "Shogake Dada ana Ndevu" ya Alifa Chokocho, "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany na "Mwalimu Mstaafu" ya Dumu Kayanda. Tatu za mwanzo zinahusu mwanafunzi aliye na siri nzito kuliko umri wake. Ya nne inahusu mwalimu aliyetoa ushauri kwa moyo safi, kisha akaletewa hesabu yake mbele ya umma. Hoja ya makala haya ni moja: katika hadithi hizi, kinachomwangamiza kijana hasa si ukosefu wa mawaidha, kwa kuwa mawaidha yamejaa tele. Kinachomwangamiza ni kukosa mtu wa kumsikiliza kabla ya kumhukumu. Aidha, makala yanadai kwamba namna tulivyozoea kufunza sifa za wahusika hulirudia darasani kosa lilelile ambalo hadithi zinalilaumu.

Ofisi isiyokuwapo

Ushauri nasaha si jambo geni katika shule za Kenya. Kamati ya Gachathi, katika ripoti yake ya mwaka wa 1976, ilisisitiza umuhimu wake. Mwaka wa 1994 serikali iliweka mwongozo wa kumruhusu msichana aliyejifungua kurejea shuleni. Mwaka wa 2001 adhabu ya viboko ilipigwa marufuku, na mwaka huohuo jopo lililoongozwa na Naomi Wangai, lililochunguza utovu wa nidhamu na migomo, likapendekeza huduma ya ushauri iimarishwe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikairudia marufuku ya kumwadhibu mwanafunzi kikatili. Mwaka wa 2019 Wizara ya Elimu ikatoa sera ya kitaifa kuhusu ulezi wa wanafunzi. Kwenye karatasi, basi, mwanafunzi wa Kenya ana mahali pa kwenda.

Msomaji akizipitia hadithi hizi huku akiitafuta ofisi hiyo, haioni. Shule zimo, walimu wakuu wamo, mitihani imo, lakini hakuna mlango hata mmoja ambao mwanafunzi anaweza kuubisha na kusema, "Mwalimu, nina tatizo." Mtu anaweza kudai kwamba hili ni pengo la kisanaa na kwamba waandishi wamesahau. Sioni hivyo. Waandishi hawa wanne, kila mmoja kwa njia yake, hawakuitaja ofisi hiyo kwa sababu wahusika wao hawaijui. Kwa mhusika asiyeijua, ofisi hiyo ni kana kwamba haipo, hata kama bango lake limetundikwa mlangoni.

Hali hii si ngeni kwetu. Katika shule nyingi mwalimu wa ushauri ana vipindi vingi kama mwalimu mwingine yeyote. Mara nyingine ndiye anayeketi katika kamati ya nidhamu asubuhi, na jioni anatarajiwa kuwa msiri wa mwanafunzi yuleyule aliyemhoji. Mwanafunzi si mjinga. Hawezi kukipeleka kidonda chake kwenye mkono uliomwandikia barua ya kumrudisha nyumbani. Ukweli huu ndio ufunguo wa hadithi ya kwanza.

Samueli na karatasi ya matokeo

Katika "Mtihani wa Maisha", Samueli anakwenda shuleni kuchukua matokeo ya mtihani wake wa mwisho. Mwandishi hatuelezi mengi kuhusu mwalimu mkuu, wala hana haja. Namna karatasi inavyomfikia kijana yatosha: inatupwa kwake. Hakuna salamu ya maana, hakuna kiti. Samueli anaondoka na karatasi yake na kutafuta faragha chooni ili aisome. Msomaji mwangalifu atatua hapa. Katika shule nzima, mahali pekee ambapo mwanafunzi anaweza kuwa peke yake na habari mbaya kuliko zote za maisha yake ni chooni. Kimaliro amelisema hili bila kuhubiri, na ndiyo sehemu ya hadithi yenye uzito mkubwa kabisa.

Nyuma ya Samueli upo mzigo wa nyumbani. Baba amejinyima ili alipe karo. Dada zake wamefaulu. Yeye ni mwana wa kiume, na jamii imekwisha kumwekea kiwango ambacho hakuulizwa kama anakiweza. Alikuwa amemhakikishia babake kwamba mambo ni sawa. Kwa hiyo karatasi ile haimwambii kwamba amefeli mtihani tu. Inamwambia kwamba sasa itambidi aonekane alivyo. Ndipo anapoliendea bwawa. Anaokolewa na mpita njia.

Tumtazame mpita njia huyo. Hana cheo, hana cheti cha ushauri, hajui alama za Samueli. Kwake yeye, aliye majini ni mtu. Kinaya cha hadithi kimo hapa: walioijua karatasi hawakumwona kijana, na aliyemwona kijana hakuijua karatasi. Kichwa cha hadithi kinasema ni mtihani wa maisha, na kwa kawaida darasani tunasema kwamba Samueli ameufeli. Lakini ni nani hasa waliotahiniwa? Shule ilikuwa naye miaka minne. Kama alikuwa anashindwa, alama zake za kila muhula zilisema. Hadithi haitaji hata mara moja kwamba kuna mtu aliyemketisha na kumwuliza kulikoni.

Haifai pia kusahau kwamba kwa muda mrefu sheria ya Kenya ilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa miaka yote ambayo hadithi hii ilifunzwa kama kitabu teule, basi, Samueli wetu angeweza kutolewa majini na kupelekwa kituoni. Hilo linaonyesha jinsi desturi ya kuhukumu kwanza ilivyo na mizizi mirefu kuliko ukuta wa shule.

Safia, na mtoto aliyesema kweli

"Shogake Dada ana Ndevu" mara nyingi hufunzwa kama hadithi ya unafiki wa msichana. Safia ni mtoto wa kupigiwa mfano. Anaongoza darasani, ana adabu, ana dini, na wazazi wake, Bwana Masudi na Bi. Hamida, hawachoki kumsifu. Shoga yake Kimwana humtembelea nyumbani akiwa amejifunika buibui, nao hujifungia chumbani wakisoma. Kimwana ni mwanamume. Safia anapata mimba, anajaribu kuitoa kwa siri, anakufa.

Mhusika ambaye hatumtendei haki darasani ni Lulua, nduguye mdogo. Lulua ameona. Kwa maneno ya kitoto anamweleza mama kwamba shoga wa dada ana ndevu. Huo ndio ushahidi pekee wa kweli katika nyumba nzima, na unatupiliwa mbali kwa sababu aliyeuleta ni mtoto. Chokocho ameyachukua maneno ya Lulua akayafanya kichwa cha hadithi. Yaani kile ambacho mama alikataa kukisikia, mwandishi amekiandika juu kabisa ili msomaji akisikie kabla ya kusikia chochote kingine. Huu si mchezo wa maneno tu. Ni msimamo wa mwandishi kuhusu nani anastahili kusikilizwa.

Kuna jambo la pili linalotuhusu walimu moja kwa moja. Sifa alizomiminiwa Safia hazikumlinda, zilimfunga. Mtoto aliyekwisha kutangazwa malaika hana ruhusa ya kukosea. Angemwambia nani? Kila aliyemzunguka alikuwa amekwisha kumpa jawabu kabla ya yeye kuuliza swali. Katika shule zetu tunao akina Safia: kiranja mkuu, msichana wa kwanza darasani, kijana wa kwaya. Orodha za wanafunzi wanaohitaji ushauri huanza na watoro na wavutaji bangi. Jina la mwanafunzi bora huandikwa kwenye ubao wa sifa, na hapo tunadhani kazi imekwisha. Chokocho anatuonya kwamba ukimya wa mtoto mzuri si ushahidi kwamba yu salama.

Sara na mwalimu mkuu wa kuwaziwa

Hadithi ya "Mame Bakari" ndiyo iliyokomaa zaidi kisanaa kati ya hizi nne. Sara, mwanafunzi, anabakwa usiku akitoka masomo ya ziada. Hatimaye anatambua kwamba ana mimba. Ghassany, ambaye ni mwandishi wa Zanzibar, anaiweka sehemu kubwa ya hadithi ndani ya fikra za Sara. Tunamwona akiwaza hasira ya baba, minong'ono ya watu, vicheko vya wanafunzi. Tunamwona akiwaza siku atakayoitwa ofisini na mwalimu mkuu amfukuze.

Mbinu hii inastahili kuangaliwa kwa makini. Mwalimu mkuu huyo hajasema neno. Hajajua lolote. Amehukumiwa, ukipenda, na mawazo ya mwanafunzi wake. Lakini Sara ameyatoa wapi maneno anayomwekea kinywani? Ameyasikia. Ameyasikia gwarideni siku mwenzake mwingine alipofukuzwa, au darasani mwalimu alipotoa mfano, au majilisini mlango ulipoachwa wazi. Mwanafunzi huwa anatusikiliza miaka yote kabla ya siku ya haja yake, na siku hiyo ikifika, hana haja ya kuja kwetu: jibu letu analo tayari. Mwanafunzi wa Kenya anaposoma ukurasa ule, mwongozo wa 1994 haumfai kitu ikiwa sauti anayoisikia kichwani ni ile ya mwalimu mkuu wa Sara.

Kinachomwokoa Sara ni mlolongo mfupi. Anamwambia rafiki yake Sarina. Sarina hamhukumu wala hajifanyi mjuzi. Anamfikisha kwa daktari, Beluwa. Beluwa anamsikiliza, kisha anazungumza na wazazi, na wale ambao Sara aliwaogopa kuliko mauti wanampokea. Tukiupanga mlolongo huu tunapata ushauri nasaha kamili: rafiki anayesikia, mtaalamu anayeshughulika, mzazi anayeandaliwa. Shule haimo. Mahali ambapo tungetarajia kumkuta mwalimu, tunamkuta daktari.

Pana kasoro hapa ambayo mhakiki hana budi kuitaja. Beluwa anaingia akiwa mkamilifu mno. Baada ya kurasa nyingi za hofu iliyochorwa kwa ustadi, utatuzi unakuja upesi, na kugeuka kwa baba hakujaandaliwa vya kutosha. Mwanafunzi aliye na baba mkali wa kweli anaweza kukunja kitabu na kusema kwamba hayo ni ya hadithini. Hata hivyo, kasi hiyo ina funzo ambalo huenda mwandishi alilikusudia: hofu ya Sara ilikuwa kubwa kuliko jambo lenyewe, na iliyeyuka mara tu mtu mzima mmoja alipokubali kusimama kati yake na wazazi wake.

Kichwa cha hadithi nacho kina neno. Katika jamii za Waswahili, kumwita mwanamke kwa jina la mwanawe ni kumpa heshima. Ghassany hamwiti Sara mwanafunzi mjamzito wala mhanga. Anamwita Mame Bakari. Yaani kabla hatujaufungua ukurasa, mwandishi amekwisha kumpa Sara cheo ambacho ulimwengu aliouhofu ungemnyima. Mshauri wa kwanza wa Sara, kwa maana hiyo, ni mwandishi mwenyewe.

Jairo anadai deni lake

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kuwa na walimu wenye huruma. "Mwalimu Mstaafu" inalitatiza wazo hilo. Mwalimu Mosi ni mwalimu tunayetamani kuwa. Anastaafu kwa heshima. Watu wakubwa aliowafunza wanakuja kumuaga. Yeye anasisitiza kwamba Jairo, mtu asiye na cheo, ambaye darasani alikuwa wa mkiani, apewe nafasi ya kusema. Jairo anaposimama, hamsifu. Anamlaumu Mosi kwa kumtia matumaini ambayo maisha hayakuyatimiza. Kisha, kwa kitendo kinachoushtua umati, anamkabidhi mwalimu wake mkewe na binti zake. Mosi anawapokea na kuwahudumia kwa nia njema, na nia hiyo njema inazaa uvumi na ugomvi.

Ni rahisi kumcheka Jairo, na wanafunzi humcheka. Ni rahisi pia kumwita asiye na shukrani. Lakini tukiondoa kichekesho kinabaki kilio halisi. Mosi alimtia moyo Jairo. Je, alimjua? Kumwambia kila mtoto kwamba atafaulu kunaonekana kuwa ushauri, kumbe huenda kukawa njia ya mkato ya kuuepuka ushauri wenyewe, yaani kazi ya kuketi na mtoto, kujua anachokiweza na asichokiweza, na kumtafutia njia inayolingana naye. Neno la matumaini halimgharimu mwalimu chochote. Aliyelipokea ndiye anayebaki nalo miaka yote.

Kwa upande mwingine, Kayanda hamwachi Jairo bila lawama. Anataka mwalimu awajibike hata kwa yale ambayo mtu mzima anapaswa kujitwika mwenyewe. Na Mosi, kwa kuyapokea yote, anashindwa kuuona mpaka wa ulezi. Kuwachukua jamaa wa mtu na kuwaweka chini ya uangalizi wako, hata kwa wema, si kumsaidia mtu huyo kusimama. Kila anayefanya kazi ya ushauri anaijua hatari hii: mlezi asiyejua mahali pa kukomea hujigeuza mwokozi, na mwokozi huishia kuumizwa na kuumiza. Hadithi hii, ninavyoiona, ndiyo maandishi bora kabisa katika diwani nzima ya kumfunzia mwalimu, licha ya kwamba tumezoea kuisomesha kama hadithi ya mtu mlevi asiye na fadhila.

Sifa za wahusika na hukumu ya darasa

Sasa tulitazame darasa letu. Swali tulilolizoea ni: "Fafanua sifa za Samueli." Majibu yamo katika miongozo na tumeyaandika ubaoni mara nyingi. Samueli ni mwongo, mwoga, mwenye kukata tamaa. Safia ni mnafiki, msiri, mzinzi. Jairo ni mlevi, asiye na shukrani. Kila sifa inafuatwa na mfano mmoja kutoka hadithini, na alama zinatolewa.

Sisemi kwamba majibu haya hayana ushahidi. Ushahidi upo. Lakini yanasemwa na nani, mbele ya nani? Katika darasa la wanafunzi hamsini au zaidi, hapana budi yumo mmoja ambaye matokeo yake ya muhula hayajafika nyumbani. Yumo mmoja ambaye siku zake zimepita. Mwalimu anapoandika ubaoni kwa chokaa kwamba msichana wa namna hii ni mnafiki, na darasa zima likanakili, msichana huyo ananakili pia. Ananakili kwa mkono wake mwenyewe hukumu atakayopewa akithubutu kusema. Hivyo ndivyo mwalimu mkuu wa mawazo ya Sara anavyoumbwa, kipindi baada ya kipindi, na walimu wasiokuwa na ubaya wowote moyoni.

Methali tunazozitumia nazo zinatusaliti. "Mficha uchi hazai," twasema, kana kwamba kosa lote ni la anayeficha. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," twasema, na mtoto aliyekwisha kufunzwa na ulimwengu anajua kwamba sisi tumejiweka upande wa ulimwengu. Methali ni hazina, lakini mara nyingi tunazitumia kufunga mazungumzo badala ya kuyafungua. "Mficha uchi hazai" inamwonya anayeficha. Haisemi lolote kuhusu mkunga ambaye watu wanamwogopa.

Inafaa pia kukumbuka "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike katika diwani hiihii. Humo, Dkt. Mabonga, mhadhiri wa fasihi, anamjibu kwa kejeli mwanafunzi aliyeuliza swali. Wanafunzi wengine wanajifunza papo hapo kunyamaza. Si ajabu kwamba waandishi wamelichagua darasa la fasihi kuonyesha jambo hilo. Wanatujua.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba kazi ya mwalimu wa fasihi ni kufunza fasihi, na kwamba hadithi ikigeuzwa kipindi cha ushauri, sanaa yake hupotea na kubaki mahubiri. Pingamizi hili ni la haki. Kuna vipindi ambapo hadithi fupi husomwa kwa dakika tano na mawaidha ya mwalimu yakajaza dakika thelathini na tano. Huko si kufunza fasihi wala kushauri.

Lakini uchambuzi uliofanywa hapo juu umetokana na sanaa yenyewe: mahali Samueli anapoisomea karatasi, mhusika aliyepewa kichwa cha hadithi, usimulizi unaokaa ndani ya fikra za Sara, kinaya cha sherehe ya Mosi. Kadiri tunavyosoma kwa makini ndivyo tunavyowasikiliza wahusika, na kadiri tunavyoharakisha ndivyo tunavyowahukumu. Usomaji mzuri na usikilizaji mzuri ni stadi moja. Anayehubiri hadithini na anayeorodhesha sifa wana kosa sawa: wote wawili hawakumsubiri mhusika amalize kusema.

Wengine watasema kwamba mtahini anataka orodha. Ni kweli, na hatuwezi kumnyima mwanafunzi alama zake. Lakini sifa zinaweza kufunzwa baada ya hali, si kabla. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini Samueli alidanganya ataikumbuka sifa hiyo vizuri zaidi kuliko aliyeikariri, na atakuwa na hoja ya kuitetea.

Mapendekezo

Kwanza, swali la sifa litanguliwe na swali la nafasi: ni wakati gani mhusika angeweza kusema, angemwambia nani, na ni nini kilichomzuia? Kwa Safia jibu litatupeleka kwa Lulua. Kwa Samueli litaturudisha mihula mingi nyuma. Swali hili linahitaji ushahidi wa kimatini, kwa hiyo halimwondoi mwanafunzi katika fasihi.

Pili, tutumie maandishi yasiyo na majina. Mwanafunzi aombwe kumwandikia Sara barua, au kuandika yale ambayo mwalimu mkuu wa Sara angepaswa kusema. Barua zisisomwe mbele ya darasa bila idhini ya walioziandika. Mwalimu asimlazimishe yeyote kueleza kama yanayoandikwa ni yake. Kinga ya fasihi ni kwamba mtu anaweza kusema yake akisema ya Sara, na kinga hiyo tusiivunje kwa udadisi.

Tatu, mwalimu wa fasihi ajue mpaka wake, asije akawa Mosi. Maandishi yakionyesha kwamba maisha ya mwanafunzi yamo hatarini, au kwamba ametendewa jinai, mwalimu hawezi kuahidi siri kamili. Amweleze mwanafunzi hivyo waziwazi, kisha amfikishe kwa mwalimu wa ushauri, kwa mhudumu wa afya au kwa mamlaka inayohusika. Sarina hakuwa daktari. Ubora wake ni kwamba alijua wa kumpelekea rafikiye, na hakumwacha aende peke yake.

Nne, shule itenganishe ofisi ya ushauri na meza ya nidhamu. Mwalimu mmoja asivae kofia zote mbili, na mwalimu wa ushauri apunguziwe vipindi. Hili haliwezi kutekelezwa na mwalimu wa Kiswahili pekee, lakini anaweza kulisemea katika mkutano wa walimu, tena akiwa na hadithi nne za kumsaidia.

Hitimisho

Diwani ya Tumbo Lisiloshiba imetuonyesha wanafunzi watatu na mwalimu mmoja. Samueli aliokolewa na asiyemjua. Safia hakuokolewa, ingawa ndani ya nyumba mlikuwa na mtoto aliyesema kweli. Sara aliokolewa na rafiki na daktari. Mosi alitoa moyo wake wote, akajifunza kwamba hata wema unahitaji kumjua anayetendewa. Katika hadithi zote nne, neno la mwalimu lina nguvu kuliko mwalimu mwenyewe anavyodhani. Linafika nyumbani na mwanafunzi, linalala naye bwenini, na saa ya shida ndilo linalomwambia kama aje au asije.

Muhula ujao tutaandika tena sifa za wahusika ubaoni, wa kitabu kingine. Kabla chokaa haijagusa ubao, tujiulize ni nani ameketi nyuma ya darasa akisubiri kuona tutamwita nani.